Ushuru wa Kasindi: Utangulizi wa Elimu ya Shirikisho

Kontena la vitenge lililoshushwa bandarini Mombasa kwa ajili ya mfanyabiashara wa Butembo hupita Nairobi, huvuka mpaka Malaba au Busia, hupita Kampala na Kasese, halafu hufika Mpondwe. Hapo kuna mto mdogo, Lubiriha. Ng'ambo ya mto ni Kasindi, na Kasindi ni duane ya Kongo. Kontena limekanyaga ardhi ya nchi tatu. Mwezi wa Juni 1963 mbili kati ya hizo, Kenya na Uganda, pamoja na Tanganyika, zilitangaza nia ya kuwa dola moja kabla ya mwaka kwisha. Wakati huohuo nchi ya tatu, yaani yetu, ilikuwa ikienda upande wa pili: majimbo sita tuliyorithi kwa Wabelgiji yalikuwa yakimegwa hadi yakafika 21. Waliotaka kuungana hawakuungana. Waliomegwa walirudishwa pamoja kwa amri ya mwanajeshi. Leo nchi zote tatu ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mkataba wa Jumuiya hiyo, uliotiwa sahihi mwaka 1999, unataja shirikisho la kisiasa kuwa kituo cha mwisho cha safari.

Somo ninalolifungulia mlango hapa linauliza hivi: makoloni yaliyotawaliwa mbalimbali, kila moja na gavana wake, bajeti yake na duane yake, yanawezaje kuwa nchi moja bila kila moja kuivunja serikali yake? Namkaribisha mwanafunzi wa Butembo, wa Beni, wa Oicha, wa Lubero, na yeyote anayeishi kwa biashara ya Kasindi. Si lazima awe na shahada ya sheria. Ajue kusoma bajeti, na awe na subira ya kusikiliza wazee. Nasema hivi kwa sababu tumezoea kulifundisha somo hili kwa mifano ya mbali, Philadelphia na Bern, hadi kijana anadhani shirikisho ni habari za watu wengine. Mimi naamini kwamba ni sehemu chache duniani zinazofaa kulisomea kuliko hapa petu, kwa kuwa hapa njia zake zote mbili zinakutana.

Njia hizo mbili zilitenganishwa vizuri na mwanasayansi ya siasa Alfred Stepan katika makala yake ya 1999. Ya kwanza ni ya wanaokuja pamoja. Kila mmoja alikuwa na mamlaka yake, akakubali kutoa sehemu. Ni kama likelemba: hakuna anayeburutwa, kila mtu anakuja na chake mkononi, na kabla ya franka ya kwanza kutolewa mnakubaliana nani atatunza pesa, nani atapokea kwanza, na itakuwaje kwa atakayechelewa. Njia ya pili ni ya dola lililokuwa moja tangu mwanzo, ambalo linagawa mamlaka kwa sehemu zake ili lisivunjike. India ilifanya hivyo mwaka 1950, na Ubelgiji, mtawala wetu wa zamani, ikajiandika kuwa shirikisho mwaka 1993. Tofauti ya njia hizo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Katika ya kwanza majimbo ndiyo yaliyozaa serikali kuu, na yanakumbuka kwamba yaliishi kabla yake. Katika ya pili serikali kuu ndiyo iliyoyazaa majimbo, na kilichotolewa kwa amri kinaweza kurudishwa kwa amri.

Utakutana na majina mawili mengine mapema. K. C. Wheare, katika kitabu chake cha 1946 kuhusu serikali za shirikisho, alishikilia kwamba shirikisho lipo pale ambapo serikali kuu na serikali za majimbo kila moja ina eneo lake, na hakuna iliyo chini ya mwenzake katika eneo hilo. William Riker, mwaka 1964, aliuliza swali la mtu wa siasa: kwa nini kiongozi mwenye mamlaka akubali kuyagawa? Jibu lake lilikuwa woga. Watu huungana wakiona adui ambaye hakuna anayemweza peke yake. Nawaheshimu wote wawili, lakini nikimfundisha mwanafunzi wa Butembo naanza na jambo ambalo wao hawakuliweka mbele, nalo ni ushuru wa forodha.

Sababu ni hii. Koloni lilikuwa serikali maskini iliyokaa juu ya nchi kubwa. Kuhesabu watu na kuwatoza kodi kijiji kwa kijiji kulihitaji makarani, askari na barabara. Duane ilihitaji lango moja tu: bandari, daraja, au kivuko. Mizigo yote ilipita hapo, na karani mmoja mwenye daftari aliweza kulisha ofisi nzima ya gavana. Kwa hiyo koloni linapoombwa kuungana na jirani, linaombwa kwanza kulitoa lango lake. Bendera na wimbo wa taifa huja baadaye, na kwa kawaida havileti ugomvi mkubwa. Ukitaka kujua kama muungano ni wa kweli, tafuta lango lilipo na nani ameshika daftari.

Mfano ulionyooka kuliko yote ni Australia, na nakuomba ukae nao, hata kama nchi ile iko mbali. Kufikia miaka ya 1890 Waingereza walikuwa na makoloni sita kule: New South Wales, Victoria, Queensland, South Australia, Western Australia na Tasmania. Kila moja lilikuwa na bunge na duane. New South Wales ilipenda biashara huria, Victoria ilitoza ushuru mzito ili kulinda viwanda vyake, na mto Murray ulikuwa mpaka kati yao. Miji ya Albury na Wodonga inatazamana kwenye mto huo kama Mpondwe na Kasindi zinavyotazamana, na maofisa wa forodha walisimama hapo wakikagua mikokoteni ya watu wa lugha moja, dini moja na malkia mmoja. Mkulima wa ng'ambo moja alilipishwa kwa kumuuzia mtu wa ng'ambo ya pili. Kero hiyo ya kila siku ilivuta watu kwenye shirikisho kuliko hotuba zote.

Tatizo likawa hili: ushuru wote ukipewa serikali kuu, makoloni madogo yatakula nini? Edward Braddon, kiongozi wa serikali ya Tasmania, koloni dogo kuliko yote, ndiye aliyelisukuma jibu. Katika katiba iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1901 kuliwekwa sharti kwamba kwa miaka kumi serikali kuu isitumie zaidi ya robo moja ya mapato ya forodha. Robo tatu zirudi kwa majimbo. Kifungu kingine kiliamuru kwamba biashara kati ya majimbo iwe huru kabisa. Majumba ya forodha ya mto Murray yakafungwa. New Zealand iliyokuwa imekaa katika mazungumzo ya mwanzo ilijitoa. Western Australia ilisitasita hadi katikati ya 1900.

Lakini fuatilia hadithi hadi mbele. Miaka kumi ilipokwisha, robo tatu zilibadilishwa kuwa malipo ya shilingi 25 kwa kila mtu. Mwaka 1942, katikati ya vita, serikali kuu ikachukua pia kodi ya mapato, na majimbo hayakuipata tena. Western Australia ilikasirika mapema: mwaka 1933 wapiga kura wake, kama wawili kwa kila watatu, waliamua kujitoa, na London ikakataa kulishughulikia ombi lao. Hakuna aliyemwaga damu, hakuna aliyevunja katiba, na hata hivyo katika nusu karne nguvu ilihama kutoka majimboni kwenda katikati kwa njia ya pesa peke yake. Mwanafunzi asisahau pia waliokosekana mezani. Wenyeji wa asili wa Australia hawakuulizwa, na kifungu kimoja cha katiba hiyo kiliamuru wasihesabiwe katika idadi ya watu. Kilifutwa mwaka 1967. Mashirikisho mengi yaliyozaliwa na makoloni yalikuwa mapatano ya walowezi juu ya ardhi ya wengine, na elimu isiyosema hivyo si elimu kamili.

Marekani na Kanada nitazipita haraka, kwani vitabu vyake vimejaa kila mahali. Makoloni 13 ya Marekani yaliungana kwanza kwa mapatano yaliyokamilika mwaka 1781, ambayo hayakuipa serikali ya pamoja uwezo wa kutoza kodi. Iliomba michango kwa majimbo, majimbo yakachelewa au yakakataa, na New York ikaendelea kula ushuru wa bandari yake. Katiba ya 1787 ilitibu hilo. Kanada ya 1867 ilinunua umoja kwa reli: makoloni ya mashariki yaliahidiwa reli ndani ya katiba yenyewe, na British Columbia ikaingia mwaka 1871 kwa ahadi ya reli ya kuvuka bara. Mtu wa Beni anayejua thamani ya lami hahitaji maelezo zaidi.

Sasa tuje nyumbani, tuanze na upande wa mashariki. Watu wengi wanadhani Afrika Mashariki ilishindwa kuungana kwa sababu haikuwa tayari. Ukweli ni kwamba ilikuwa imeunganika kuliko Australia ya 1890. Kenya na Uganda ziliunganisha duane zao mwaka 1917, na Tanganyika ikaingizwa katika mpango huo katika miaka ya 1920. Kulikuwa na bodi moja ya sarafu tangu 1919. Kuanzia 1948 reli, posta na huduma nyingine nyingi ziliendeshwa pamoja, na bunge dogo la pamoja likawapo. Kilichokosekana ni ridhaa. Wazo la shirikisho lilikuwa limebebwa miaka mingi na walowezi wa Kenya, na Waafrika walikuwa na kila sababu ya kuliogopa. Mwezi wa Juni 1953 waziri wa makoloni wa Uingereza, Oliver Lyttelton, alidokeza tu katika hotuba London kwamba shirikisho la Afrika Mashariki huenda likaja, na Buganda ikawaka moto. Kabla ya mwaka kwisha mfalme wake, Kabaka Mutesa II, alikuwa uhamishoni.

Kulikuwa na ugomvi wa pili, wa kimyakimya, na huo ulikuwa wa pesa. Duane ilikuwa moja, lakini viwanda vilikuwa Nairobi. Uganda na Tanganyika zilinunua bidhaa za Kenya kwa bei ya juu zikiwa zimefungiwa zile za nje kwa ushuru, na faida ikabaki Kenya. Tume ya Raisman iliyotoa taarifa yake mwaka 1961 iliona haki ya malalamiko hayo, ikapendekeza mfuko wa kugawana sehemu ya mapato. Fidia ilikuwa ndogo, donda likabaki. Julius Nyerere aliiona saa inakimbia. Mwaka 1960 alijitolea kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi ziingie katika uhuru zikiwa pamoja, kwa hoja kwamba kila nchi ikishakuwa na rais wake na kiti chake Umoja wa Mataifa, hakuna atakayeviachia. Sijui kiongozi mwingine wa wakati ule aliyekuwa tayari kuweka mezani kitu kikubwa hivyo. Hakufuatwa. Tamko la Nairobi la tarehe 5 Juni 1963, alilolitia sahihi pamoja na Jomo Kenyatta na Milton Obote, lilikwama juu ya mambo ya uraia, mikopo ya nje, uwakilishi ng'ambo na mahali pa mji mkuu. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Aprili, Tanganyika iliungana na Zanzibar, na katika mambo 11 ya muungano ya awali ushuru wa forodha ulikuwamo. Kuna wanaosema mpaka leo kwamba huo si shirikisho, na mjadala wao ni darasa zuri. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, ya 1967, ilivunjika 1977.

Upande wetu historia ilianza kwa umbo lingine. Kongo ya Wabelgiji ilikuwa koloni moja kwa jina, lakini mshono ulionekana. Katanga iliendeshwa kwa miaka na kamati yake maalum, na mpaka 1933 ilikuwa na makamu wa gavana mkuu wake mwenye hadhi ya pekee. Kivu ilipewa Kamati ya Taifa ya Kivu mwaka 1928, iliyokabidhiwa ardhi kwa ajili ya walowezi. Ruanda-Urundi iliambatanishwa na Kongo kiutawala kwa sheria ya 1925, ikatoka mwaka 1962 ikiwa nchi mbili. Kwa hiyo vyama vilipokaa kwenye Meza ya Mviringo Brussels mwezi wa Januari 1960, ugomvi wa shirikisho haukuwa umeletwa na vitabu. ABAKO ya Kasa-Vubu ililitaka, CONAKAT ya Tshombe ililitaka kwa sababu zake, MNC ya Lumumba ilitaka dola moja lenye nguvu. Sheria ya Msingi ya tarehe 19 Mei 1960 ilikwepa kuamua: kila jimbo lilipewa bunge na serikali yake, lakini dola halikuitwa shirikisho. Tarehe 11 Julai, hata wiki mbili hazijatimia baada ya uhuru, Katanga ilijitangazia uhuru wake na kubaki na mapato ya shaba. Hapo tena lango na daftari.

Majimbo madogo ya 1962 na 1963 ndiyo sura ninayopenda wanafunzi wetu waichimbe, kwa kuwa wazee wanaoikumbuka wanazidi kupungua. Bunge la Kinshasa, wakati ule Léopoldville, liliruhusu kumega majimbo sita, na mwezi wa Agosti 1962 Kivu ya Kaskazini ikazaliwa ikiwa jimbo lenye serikali yake. Wafuasi wa wazo hilo hawakuwa wajinga: walitaka serikali ifike mahali ambapo barua ya mwananchi inajibiwa. Lakini jimbo jipya halikuja na chake mkononi. Lilikuja na orodha ya madai, likisubiri Kinshasa ilipe mishahara. Na mipaka yake ilibishaniwa tangu siku ya kwanza, hasa juu ya Goma na Rutshuru, ugomvi uliogeuka kuwa wa damu. Katiba ya Luluabourg, iliyopitishwa kwa kura ya maoni na kutangazwa tarehe 1 Agosti 1964, ilikuwa ya shirikisho kwa maana kamili. Siku chache baadaye waasi wa Simba waliingia Stanleyville. Mobutu alichukua nchi Novemba 1965, na katika mwaka mmoja tu wa 1966 majimbo 21 yakawa manane na Kinshasa. Kivu ikawa moja tena. Wapinzani wa shirikisho husema lilijaribiwa likashindwa. Mimi nasema halikupewa hata bajeti mbili.

Tazama sasa kilichotokea ng'ambo ya mlima katika majira hayohayo. Mkataba wa Brussels wa 1910 uliupitisha mpaka juu ya Ruwenzori, ukawaacha Wakonzo upande wa Waingereza na Wanande upande wa Wabelgiji, watu wanaosikilizana lugha na kuoana. Tarehe 30 Juni 1962, wiki chache kabla ya jimbo letu kuzaliwa, Wakonzo waliochoka kutawaliwa na ufalme wa Toro walitangaza Rwenzururu chini ya Isaya Mukirania. Pande mbili za mlima mmoja, katika majira yaleyale ya kiangazi, zilidai kujitawala zenyewe, kila moja katika dola tofauti. Upande huu bunge lilisema ndiyo kwa miaka minne. Upande ule serikali ilisema hapana, ikaja kuutambua ufalme wa Rwenzururu mwaka 2009. Sijaona darasa linaloyaweka mambo haya mawili kwenye ubao mmoja, na ningependa kuliona.

Butembo na Beni zinamfundisha msomaji jambo jingine, gumu zaidi: mamlaka yanaweza kujengwa kutoka chini bila katiba. Katika miaka ya mwisho ya Mobutu serikali ilikuwa imeondoka katika kila kitu isipokuwa kutoza. Wafanyabiashara na makanisa walitengeneza barabara, watu wakalipa kwenye bariyeri kwa ajili ya matengenezo, na mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilifunguliwa Butembo, wakati jimbo la kanisa likiongozwa na Askofu Emmanuel Kataliko. Kuanzia 1999 Beni ikawa chini ya tawi la waasi wa RCD lililojitenga na lile la Goma, likaongozwa baadaye na Antipas Mbusa Nyamwisi, na hadi 2003 eneo hili lilijiendesha kwa mapato ya Kasindi. Mtafiti Timothy Raeymaekers, aliyeandika kitabu juu ya wafanyabiashara wa Butembo mwaka 2014, ameeleza namna ilivyofanyika: wafanyabiashara wakubwa waliwalipa wenye silaha ushuru kabla ya mizigo kufika, nao wakapunguziwa kiwango. Tusiyapambe mambo haya. Vilikuwa vita, watu walikufa, na mkulima wa kawaida hakukaa kwenye mapatano hayo. Hata hivyo mwanafunzi wa shirikisho ataona hapo kitu anachokijua kutoka mto Murray: watu wenye mizigo wakijadiliana na wenye mamlaka juu ya lango.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 haitaji neno shirikisho, lakini imebeba mengi ya shirikisho. Majimbo yana mabunge na magavana, yana orodha ya mambo yao peke yao. Kifungu cha 175 kinaamuru kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na zibakizwe palepale zinapokusanywa. Kifungu cha 181 kinaanzisha mfuko wa kusawazisha, asilimia 10, ili majimbo maskini yasiachwe. Wasomi wa sheria wameujadili mfumo huu kwa miaka. Kwa mtu wa Kasindi swali ni fupi: je, asilimia 40 inabaki? Desturi imekuwa kwamba pesa yote hupanda Kinshasa, kisha sehemu hurudishwa, pungufu na kwa kuchelewa. Braddon angeielewa hali hii mara moja. Sharti lake lilifanya kazi kwa sababu majimbo yalikuwa na nguvu ya kulidai kabla ya muungano kuwapo. Sharti letu liliandikwa na dola lililokuwapo tayari, nalo ndilo lenye kulitekeleza.

Na mamlaka yenyewe yanaweza kusimamishwa. Tarehe 26 Desemba 2018 tume ya uchaguzi ya Kinshasa iliahirisha kura ya Beni na Butembo, ikitaja Ebola na usalama, ilhali shule, masoko na makanisa yalikuwa wazi. Siku ya kura, tarehe 30, wakazi wa Beni walipanga mistari kwenye vituo walivyovitengeneza wenyewe, wakanawa mikono kwenye ndoo za maji ya kinga, wakatumbukiza karatasi zao. Rais aliapishwa Januari bila kura halali za miji hiyo, na uchaguzi wa wabunge ukafanyika hapa Machi 2019. Tarehe 6 Mei 2021 hali ya dharura ya kijeshi ilianza Kivu ya Kaskazini na Ituri: gavana akawa jenerali, na bunge la jimbo likasimama. Ilitangazwa kwa siku 30, ikarefushwa mara kwa mara kwa miaka. Tangu Goma ilipotwaliwa na waasi wa M23 mwezi wa Januari 2025, ofisi za jimbo upande wa serikali zimekaa Beni. Mtu asome Wheare baada ya kuishi haya, halafu aniambie kama sentensi yake juu ya serikali mbili zisizokuwa chini ya mwenzake ni ya kinadharia tu.

Kongo iliingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 11 Julai 2022. Kabla ya hapo, mwezi wa Mei 2017, wakuu wa nchi walikuwa wamekubaliana kwamba hatua ya mpito kuelekea shirikisho iwe muungano mwepesi zaidi, ambamo kila dola linabaki dola. Alama zote za vitabu zipo mbele yetu. Riker angetazama operesheni Shujaa, majeshi ya Uganda na Kongo yanayopigana kwa pamoja dhidi ya waasi wa ADF tangu Novemba 2021. Mtu wa Kanada angetazama barabara ya Kasindi hadi Beni, kilomita 80, iliyozinduliwa na marais wawili mwezi wa Juni 2021. Mimi natazama kakao. Inavunwa Mutwanga na Mbau kwa hatari ya maisha, na nyingi huvukia Bundibugyo na Kasese kuuzwa upande wa pili. Duane ikiwa moja, nani atalipwa kwa kakao hiyo, na kwa daftari la nani? Uganda na Tanganyika ziliuliza swali la namna hii juu ya viwanda vya Nairobi, na kwa kukosa jibu Jumuiya ya kwanza iliyumba.

Kwa hiyo anza hivi. Chukua kifungu cha 87 cha katiba ya Australia, kile cha Braddon, na kifungu cha 175 cha katiba yetu, viweke kando kwa kando, uandike kila kinachofanana na kila kisichofanana. Kisha nenda kwenye ofisi ya komine yako, iwe Bulengera au Mulekera, uombe kuona makisio ya bajeti ya mwaka: kilichotarajiwa kutoka juu na kilichofika. Kama unatoka cheferi ya Bashu au ya Baswagha, ulizia huko vilevile, kwa kuwa sheria ya 2008 imeitambua cheferi kuwa na bajeti yake. Halafu mtafute mzee aliyekuwa kijana mwaka 1962, umuulize wapi alikwenda kulipa kodi, nani aliipokea, na ilijenga nini. Andika majibu yake kwa lugha aliyoyatoa. Sura inayofuata inaanzia kwenye mto Murray, na ukiifikia ukiwa na karatasi hizo tatu mezani utakuwa umeshaingia ndani ya somo.